Kamyoneti ya Kumtua Mama Mzigo

Siku ambayo muzee Bizuru alimkaripia papa pembeni ya barabara ya Munigi, mbele ya mama, mbele yangu na mbele ya muzungu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe. Na ile harusi yangu watu walikunywa mpaka wakasahau njia za kwao! Kaa basi, mwanangu. Weka simu chini, gari lako halikimbii; kama linauzwa leo, na kesho litauzwa. Umekuja kuniuliza mimi koko wako, bibi yako, kama ununue ile gari ya okazyo, iliyokwisha tumika na wengine, ya safu tatu za viti, ya kubeba muke wako na watoto, na mazuri yake umenieleza mpaka mate yamekukauka. Nimesikia. Mabaya yake umeyataja haraka haraka, kama mutu anayeungama kwa padri mwenye usingizi. Sasa na wewe sikiliza ya kwetu.

Tulikaa Kibati, miaka ile ya hamsini. Goma ilikuwa mji mdogo: maduka ya Wagiriki na Wahindi, nyumba za wazungu kando ya ziwa, soko, misioni. Papa alilima viazi na kabichi, na udongo wa volkano haukumnyima kitu. Lakini mnunuzi alikuwa chini, Goma, na sisi tulikuwa juu. Viazi vilishukaje? Vilishuka kichwani mwa mama. Mama alikunja ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka utosini, tukamtwika gunia, mimi nikajitwika kikapo cha kabichi, tukateremka kwa miguu juu ya mawe yale makali. Papa alitangulia na fimbo yake.

Usikunje uso. Papa hakuwa mutu mubaya. Alimpenda mama, na rafiki zake walimtania kwa jinsi alivyompenda. Lakini alikuwa mwana wa watu wa ng'ombe, wa kutoka milima ya Masisi, na kwa watu wa ng'ombe wa wakati ule mwanaume hakubeba kitu kichwani. Kichwa cha mwanaume kilikuwa cha kuvaa kofia. Hata mama mwenyewe angemwona papa na gunia kichwani angeona aibu, angejifunika kitenge. Ndivyo tulivyokuwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilipokuwa kijana halikuzungumzwa mbele ya watoto. Mimi nilikuwa mtoto pekee nyumbani, na si kwa kupenda kwa wazazi wangu. Baada yangu mama alishika mimba, ikatoka. Akashika nyingine, na hiyo ikatoka barabarani, tulipokwisha kupita Munigi, mzigo ukiwa kichwani. Wanawake wenzake wa soko walimzungushia vitenge vyao pale pale, wakasimama wakilia. Mimi nilibaki nimeshika gunia lisibingirike. Masista wa dispensari walimwambia: mama, ukipata tena, usibebe muzigo. Na mwaka ninaousema akapata tena.

Papa aliposikia, furaha na woga vilimwingia pamoja. Alizunguka shamba bila kulima. Na siku moja akarudi kutoka Goma macho yanang'aa. "Mama Felisita," akamwambia mama, maana Felisita ni mimi, "nimepata dawa. Musyu Manoli anauza kamyoneti."

Musyu Manoli alikuwa Mugiriki wa duka la vitambaa, mtu wa kelele na wa kucheka, aliyesema Kiswahili kama sisi, matusi pamoja. Kamyoneti yake kila mtu aliijua: ndefu, madirisha pande zote, na nyuma mabenchi mawili ya kukalia familia. Ukiyatoa mabenchi, magunia yanaingia. Ukiyarudisha, watu wanaingia. Papa alikwisha iona moyoni mwake ikiwa imesimama uani kwetu.

Nikuambie papa alivyoipima, kwa sababu wewe umeipima ya kwako vile vile, kana kwamba mlikaa shule moja. Mazuri: mama atashuka sokoni amekaa mbele. Viazi vitafika bila kuchubuka. Majirani wataleta mizigo yao na watalipa. Mgonjwa akizidiwa tutampeleka hospitali bila machela. Jumapili tutaenda misa wote, hata mvua ikinyesha. Yote hayo kweli, sibishi hata moja. Mabaya: inakunywa petroli. Mawe yetu yanakata pine za magurudumu. Piese yoyote ya gari ikiharibika, unangoja ingine itoke Bukavu au Kampala. Na papa hakujua kuendesha, kwa hiyo atatafuta shofere, na shofere naye ana tumbo. Lakini kila baya alilolitaja alilipatia dawa kabla halijakaa vizuri. Petroli, majirani watalipa. Pine, tutaendesha polepole. Shofere, yuko binamu. Mama alimenya viazi, akaitika tu, mm, mm.

Kisha papa akasema kwamba ili kuipata atamuuza ng'ombe wetu Bihogo na mtamba wake.

Mama akaweka kisu chini. "Bihogo wa muzee Bizuru?"

"Bihogo wangu. Alinipa."

"Ndiyo, alikupa. Sasa utamuuza bila kumuambia aliyekupa?"

Hapa lazima nikueleze, ninyi wa siku hizi ng'ombe mnamjua kwa brosheti, nyama ya kuchoma kwenye kijiti. Kwetu ng'ombe wa kupewa ni undugu. Papa alipooa alikuwa hana kitu, na muzee Bizuru, rafiki ya marehemu baba yake kule Masisi, alimpa Bihogo akiwa mtamba. Tangu siku ile papa akitaka kuapa, haapi kwa mama yake wala kwa mbingu, anaapa hivi: "Naapa kwa aliyenipa ng'ombe!" Na desturi ilitaka Bihogo akizaa jike, mtamba mmoja arudi kwa mtoaji, kwa shukrani. Papa alikuwa bado hajamrudisha. Sasa fikiri, kumuuza Bihogo na mtamba wake wote wawili kwa siri, halafu uendelee kuapa kwa jina la Bizuru! Papa alinung'unika, akatoka nje, akarudi, akatuma mtu Masisi aende kumuambia muzee.

Sisi tulingoja jibu. Muzee Bizuru hakuleta jibu, alijileta mwenyewe. Alifika na koti lake refu, kofia ya manyoya iliyokwisha rangi, na fimbo iliyokuwa laini kwa kushikwa. Mwembamba, mrefu, mwenye kusema kidogo na kukohoa sana. Papa alimpa pombe ya ndizi, akaanza kumueleza mazuri ya kamyoneti kabla mzee hajameza funda la kwanza. Mzee akasikiliza yote. Mwishoni akasema, "Nionyesheni."

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Wangeongeza kwamba penye wazee neno linachelewa! Tulifika dukani kwa Musyu Manoli, na muzee Bizuru akaanza kuizunguka kamyoneti kama anavyozungukwa ng'ombe wa kununuliwa. Alianza nyuma, maana ukianza usoni mwa ng'ombe, pembe zitakudanganya. Akachuchumaa akaangalia chini yake, pale ilipolala, aone kama mafuta yanavuja. Akaweka kiganja juu ya moteri aone kama iliamshwa kabla hatujafika. Wateja wa vitambaa wakaanza kucheka. Papa aliona haya, mimi nilitamani ardhi inimeze. Musyu Manoli yeye alifurahi, akavuta kiti cha duka akakaa kutazama.

"Musyu," muzee akauliza, "hii kitu inatoka kwenu sababu gani?"

"Watoto wangu wameenda masomo Ulaya, muzee. Sasa iko inalala tu."

"Na mbele ya kulala ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Ilikuwa inapeleka watoto ku misa, na ku ziwa kuoga."

"Ilishawahi kupanda Kibati?"

"Mara ingine. Kwa matembezi."

Muzee akakohoa, akatikisa kichwa taratibu. Akasema ng'ombe wa joto la Rutshuru ukimpeleka kwenye baridi ya Masisi anatetemeka, na hakuna aliyekudanganya, ni wewe hukuuliza alilishwa wapi. Akamuomba Musyu Manoli kitu kimoja: siku ya soko apande na kamyoneti mpaka kwetu, apakie mzigo wetu wenyewe, ashuke nao. "Ng'ombe anakamuliwa mbele ya macho ya anayemnunua," akasema. Manoli akapiga mapaja yake, akakubali. Naona alijiamini, na alikuwa na haki ya kujiamini, kwa sababu hakuwa na uongo moyoni. Rahisi kumlaumu sasa.

Siku ya soko kamyoneti ikapanda Kibati ikiimba. Yoo, mwanangu! Watoto walitoka kila ua. Papa alisimama barabarani mikono kiunoni, akamwambia muzee Bizuru, "Umeona? Inapanda bila kupumua!" Na kweli ilipanda vizuri. Lakini ilipanda tupu, na kazi yetu sisi haikuwa kupanda. Mizigo yetu ilikuwa ya kuteremka. Hilo hakuna aliyelisema, si papa, si Manoli, si muzee, na mimi nilikuwa nawaza tu kama wasichana wenzangu wameniona.

Tukapakia magunia. Mama akakaa mbele na Musyu Manoli, kitenge kipya, mikono juu ya tumbo lake ambalo lilikuwa limeanza kuonekana. Muzee Bizuru alikataa kiti cha mbele, akakaa nyuma juu ya viazi pamoja na papa na mimi. Tukaondoka. Papa alipungia watu mkono mpaka nikamuonea huruma. Tukawapita wanawake wa soko, wenzake mama, mizigo kichwani, wakapiga vigelegele, "Mama Felisita amekuwa madamu!"

Mteremko ukazidi. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni mtu anachoma shamba. Kisha nikaona mguu wa Musyu Manoli unakanyaga, unakanyaga tena, na gari linaongeza mwendo. Akapiga kelele kwa lugha ya kwao. Akaingiza vitesi ya chini, ile gia nzito, moteri ikalia, tukarushwa mbele, magunia yakatuangukia. Freni, hizo breki zake, zilikuwa zimepata moto, hazikamati tena. Mwanangu, nilimwita Mungu na watakatifu wote ninaowajua na wengine niliwabuni. Manoli, na nitamshukuru mpaka nife, hakuruka nje kujiokoa mwenyewe. Aliusukuma usukani pembeni, kamyoneti ikajisugua ubavu kwenye ukuta wa mawe ya volkano, vyuma vikapiga mayowe, ikasugua, ikasugua, ikasimama.

Viazi vilikuwa bado vinabingirika barabarani.

Mama alifungua mlango mwenyewe. Akashuka, akatembea hatua chache, akakaa juu ya jiwe, mikono tumboni. Papa akamfikia, akapiga magoti mbele yake. Mimi nilisimama nyuma yao. Sikuwa mbali na mahali ambapo zamani nilishika gunia lisibingirike. Wale wanawake wa soko wakatufikia, wakatua mizigo yao bila kuambiwa, wakaanza kufungua vitenge. Walijua. Nilipoona vile vitenge vinafunguliwa nilitaka kupiga kelele.

Mama akakaa hivyo, kichwa chini, muda mrefu. Halafu akainua uso, akamwangalia papa.

"Amecheza," akasema.

Papa akalia. Si machozi ya kupangusa kwa kidole; alilia kwa sauti, kofia imeanguka, mbele ya wanawake wote. Muzee Bizuru aligeuka akatazama upande wa ziwa, akakohoa.

Ungedhani hapo mambo yaliisha. Hapana. Papa alipomaliza kulia aliinuka na hasira, akamwendea Musyu Manoli, ambaye alikuwa ameegemea gari lake lililochunika. Manoli akamwambia papa, "Sijaibebeshaga hivi, Fideli. Naapa, sikujua." Papa hakumsikia. Akasema basi hii hapana, atatafuta ingine, iko Muhindi mmoja anauza yake, ni kubwa zaidi, atauza Bihogo, atauza mtamba, atauza na dume, kesho mama asibebe tena, ni lazima gari ipatikane wiki hii.

"Fideli," muzee Bizuru akasema. "Ikala."

Papa akakaa juu ya gunia, pale pale barabarani.

"Umepima petroli. Umepima pine. Umepima shofere na tumbo yake. Sasa unipimie hii moja. Toka siku muke huyu alikuambia iko na mimba, muzigo ulikuwa wapi?"

"Ndiyo sababu natafuta gari, muzee."

"Nimeuliza muzigo. Sijauliza gari."

Papa akaangalia chini. "Kichwani kwake."

"Soko iliyopita?"

"Kichwani kwake."

"Na leo, kama huyu musyu asingefika?"

Muzee Bizuru, yule wa kusema kidogo, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Basi wewe unamuokoa kesho, na leo unamuua. Umekaa unangoja gari, na shingo uko nayo. Nimeiangalia, ni nene."

"Muzee, mimi ni mwanaume..."

"Mimi nilikupa ng'ombe watu wako wakunywe maziwa. Sikukupa ng'ombe shingo yako ipumzike."

Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unauona mwepesi kwa sababu uko kichwani mwake. Papa alimpenda mama, alikesha kwa ajili yake, angeuza zizi zima kwa ajili yake, na katika kupima kwake kote hakuwahi hata siku moja kufikiria kulichukua gunia. Halikuwa limefichwa. Lilikuwa mbele yake kila siku ya soko, na sisi wote tuliliona tukaona ni sawa.

Alikaa pale. Nilimwona anaangalia wanawake, anaangalia barabara inayoshuka Goma, watu wote watakaomwona. Kisha akainuka, akamwendea mama, akanyosha mkono.

"Nipe ngata."

Mama akashtuka. "Hapana, baba Felisita. Watu watatucheka."

"Wacheke."

Ngata hatukuwa nayo, tulikuja na gari. Mwanamke mmoja akatoa ya kwake. Papa akaiweka vibaya, mbele sana, tukamtwika gunia, akapiga hatua, gunia likaanguka, viazi vikamwagika tena. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, na mama alicheka huku anajifunika uso. Papa akajaribu tena. Safari hii lilikaa. Akashuka nalo mpaka Goma, shingo imekakamaa, jasho linamtiririka, na muzee Bizuru anatembea ubavuni mwake amemshikia fimbo. Magunia mengine tulimwachia Musyu Manoli ayalinde na gari lake, papa akarudi kuyachukua. Ninachokumbuka zaidi ni mama. Hakujua afanye nini na mikono yake. Aliifunga nyuma, akaiweka kiunoni, akaishusha, mwishowe akanishika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya barabarani kwa sababu mikono yake siku zote ilikuwa juu, imeshika gunia.

Papa alichekwa, bila shaka. Sokoni walimwita Mama Viazi, na kuna waliomwita hivyo mpaka alipozeeka. Wanaume wenzake walimuuliza kama atanyonyesha pia. Kuna siku alirudi nyumbani amekasirika, hasemi na mtu. Lakini siku ya soko ikifika alikunja ngata yake mwenyewe, na baada ya muda alikuwa anaikunja vizuri kuliko mimi. Mama akazaa mtoto wa kiume. Unamjua, ndiye huyu babu yako Bahati anayekusumbua kila Jumapili umpe pesa ya ugoro.

Na kamyoneti? Tuliinunua, mwanangu! Ungefikiri nakuambia usinunue gari? Musyu Manoli aliibadilisha freni zote, akanyosha ubavu, na hakumficha mtu kilichotokea. Mtoto alikuwa amekwisha anza kukaa ndipo papa akarudi kuizungumzia, na safari hii alizungumza kama mutu asiyefukuzwa na kitu. Aliipeleka mteremkoni na magunia, ikasimama, akaipeleka tena. Alimuuliza Manoli freni hizo zitaishi muda gani kwa kazi yetu, akaambiwa ukweli kwamba hazitaishi sana. Akakaa na jirani wakakubaliana kuinunua kwa shirika, kila mmoja na siku zake. Mtamba wa kwanza alipanda Masisi kwa muzee Bizuru kwa shukrani, kwa miguu, na muzee akamruhusu papa auze madume aliyozaa Bihogo. Bihogo alibaki, na maziwa yake ndiyo yaliyomkuza Bahati.

Ile kamyoneti ilitubeba, na ilitusumbua. Pine zilikatika, kama papa alivyosema. Jirani na papa waligombana juu ya petroli, wakapatana, wakagombana. Ilipeleka wagonjwa Goma, na mmoja alizalia ndani. Mvua ilivuja kwenye benchi la nyuma. Yote yale mazuri na mabaya yalikuja, ila hayakuja kwa wingi ule tuliofikiria. Lakini hata mara moja sikumsikia mama akiisifu. Alipokuwa mzee, wasichana walipomuuliza mume wake alimpa nini katika maisha, alikuwa anacheka peke yake, anasema, "Siku moja alichekwa na watu kwa ajili yangu."

Sasa nakuambia wewe, na nakuambia wazi ili usije ukasema koko alikupiga mafumbo. Hilo gari uliloniletea habari zake, nenda ulione asubuhi likiwa baridi, usikubali ulikute limekwisha washwa. Muulize mwenyewe kwa nini linatoka kwake na lilikuwa linafanya kazi gani. La kupeleka mutu mmoja ofisini silo la kubeba watoto na ndoo juu ya mawe yetu. Lijaze watu wako, ulipeleke kwenye njia yako, na kama njia yako inateremka, usifurahie kupanda. Usiuze kitu ulichopewa bila kumuuliza aliyekupa. Kuuliza si ujinga. Na hesabu mabaya polepole kama unavyohesabu mazuri, yasipatiwe dawa kabla hayajamaliza kusema.

Lakini hayo yote fundi wa garaji angekuambia, tena bure. Langu ni hili. Mutu akinunua kitu kwa haraka ya kumuokoa mutu, hataona ubovu, kwa sababu hataki kuuona. Papa angemnunulia mama kifo chake kwa mapenzi matupu. Kwa hiyo muokoe mutu kwanza, kwa mikono uliyo nayo leo, halafu ndipo ununue kwa moyo uliotulia. Umeniambia muke wako anateseka, watoto watatu, maji yako mbali, shule iko mbali. Nimekuuliza nani anachota maji nyumbani kwenu, umenijibu, "Koko, ndiyo maana nataka gari." Mwanangu, jibu hilo nililisikia kabla baba yako hajazaliwa.

Mungu akupe gari lenye freni, na kabla ya gari akupe shingo isiyoona haya. Akupe muke atakayezeeka karibu yako anacheka, na watoto wasiohesabiwa makaburini. Muzee Bizuru alipo akuombee, na mimi nimekubariki kwa mikono yangu hii miwili. Haya, mlango unalia. Ni muke wako anatoka ziwani, mtoto mgongoni na bidoni ya maji kichwani, nasikia anavyohema. Mimi niache hapa. Inuka, ukampokee.